Fundi, Achia Meno

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wale wa mambo vipi, mambo vipi. Shikamooni wakubwa zangu mliokaa hapo mbele. Mwenyekiti wenu aliponipigia simu akasema dokta njoo uongee na mafundi kuhusu meno nikamuuliza mafundi cherehani mnataka nisemee nini, kupiga mswaki? Akacheka, akasema hapana bana, huku kila mtu analalamika taya, mara sikio, mara kichwa cha upande mmoja, na tukienda kutibiwa tunarudi na jino kwenye pamba. Nikamwambia hapo sawa, nakuja hata bila nauli.

Sasa kabla sijaendelea naomba kila mtu abaki hivyo hivyo alivyo. Usisogeze taya, usimeze mate, baki tu. Jiulize, muda huu meno yako ya juu na ya chini yamegusana au yameachana? Ambao yamegusana nyoosheni mkono, msione aibu. Haya, naona zaidi ya nusu ya ukumbi, na yule kaka pale nyuma kanyoosha mikono yote miwili.

Hayatakiwi kugusana. Najua mnashangaa, mana wengi tumekua tukijua mdomo ukifungwa na meno yanafungwa kama mlango. Hapana. Midomo ndo inafungwa, meno yanabaki na kanafasi kadogo katikati, na ulimi unakaa juu pale nyuma ya meno ya mbele, sehemu ile ile ulimi unapogusa ukitamka "nnn". Jaribuni. Ukijumlisha muda wote meno yanapogusana kwa mtu wa kawaida kwa siku nzima, kutafuna na kumeza mate, haifiki hata dakika 20 hivi. Dakika 20 kati ya masaa 24! Sasa we fundi umekaa na sare za shule 60 za kumaliza kabla ya Jumatatu, umeinamia mashine, umebana pini mdomoni, uzi unaukata kwa meno, mteja kasimama mlangoni anapiga kelele, hizo dakika 20 umezimaliza kabla hata ya chai ya saa nne, na bado unaendelea kubana mpaka jioni. Halafu usiku unalala unaendelea tena bila kujijua.

Naanza na dada mmoja, fundi kama nyie, jina simtaji na sehemu simtaji. Alikuja kwangu anaumwa gego la chini upande wa kulia. Huko nyuma alishang'olewa magego mawili upande huo huo. La kwanza likang'olewa, maumivu yakatulia siku nne tano, labda kwa sababu ya dawa alizopewa na kwa sababu alikuwa anakula uji tu, yakarudi. Akaambiwa basi ni la jirani, likang'olewa, yakarudi tena. Kwangu alikuja na ombi moja, dokta nitoe hili la tatu nipumzike. Nikaliangalia jino lile, zima, halina tundu, fizi safi, nikaligonga na kishikio cha kioo wala hakushtuka, nikaliwekea baridi likahisi kawaida kama mengine, eksirei haina kitu. Nikamwambia mama hebu uma meno kidogo, nikaweka kidole hapa kwenye shavu, huu msuli unaotokeza ukiuma meno, nikabonyeza. Aliruka kwenye kiti. Akanishika mkono akasema hapo hapo dokta, hilo ndo jino lenyewe!

Sio jino. Ni msuli. Msuli wa shavu ukichoka na kukakamaa maumivu yake hayakai pale pale, yanapelekwa kwenye magego, yanapelekwa sikioni, na ule mwingine wa hapa kwenye panja unapeleka maumivu kwenye meno ya juu na kukufanya uamke na kichwa. Mwili unadanganya, unakuonyesha jino kumbe jino halina kosa. Yule dada magego yake mawili yalienda bure. Sisemi aliyemng'oa alikuwa na nia mbaya, mgonjwa analia, foleni imefika getini, anasema ng'oa, unang'oa. Ila kwa kweli mi hilo jambo linanikera kuliko yote kwenye kazi yangu, kwa sababu jino zima likishatoka hakuna namna ya kulirudisha, na kupima ule msuli kwa kidole ni sekunde kumi.

Kwa hiyo leo hata mkisahau mengine yote, mtu akitaka kukung'oa gego ambalo halijatoboka, halilegei na halijavimba, muombe kwanza apapase mashavu na kiungo cha taya. Muombe kwa heshima, "dokta naomba unisaidie kuangalia na misuli." Hatakasirika, na akikasirika basi nenda kwa mwingine.

Haya, kiungo chenyewe kiko wapi. Weka kidole mbele ya sikio, fungua mdomo, funga. Umekisikia kinavyocheza? Hicho. Viko viwili, kulia na kushoto, na vimeungwa na mfupa mmoja kwa hiyo huwezi kuchezesha kimoja mwenzake akabaki amelala. Na kazi yake si ndogo, mwanzo wa kufungua mdomo kinazunguka kama bawaba, ukiendelea kufungua kinaacha kuzunguka tu, kinateleza kwenda mbele. Katikati ya mfupa na mfupa kuna kisahani laini kama gegedu. Nyie mnaelewa bitana? Ile bitana ya koti ikishonwa vizuri inaenda pamoja na kitambaa cha juu, ukinyanyua mkono inanyanyuka. Ikilegea inabaki nyuma, inakunjamana kwenye bega, ukivuta unasikia inaruka kurudi. Basi kile kisahani kikihama kidogo ndo unasikia "ta!" ukifungua mdomo, na "ta!" ukifunga. Kuna watu mezani familia nzima inawasikia.

Ule mlio wenyewe kama hauna maumivu na mdomo unafunguka vizuri hauhitaji matibabu. Ndio, hauhitaji, msipoteze hela. Watu wengi sana wana huo mlio na wanazeeka nao salama. Msiuchezee tu makusudi kuwaonyesha watoto. Tatizo ni pale mlio unapokata ghafla na mdomo nao unagoma kufunguka, hapo bitana imekunjamana mbele na imekataa kurudi, hapo njoo mapema usisubiri miezi. Kipimo cha nyumbani ni vidole vyako mwenyewe vitatu, visimamishe hivi, viingie katikati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vikiingia vitatu, ni kama milimita 40 na zaidi, uko sawa. Vikiingia viwili tu kwa shida, hauko sawa. Jaribuni. (Hapa ukumbi mzima ukajaza vidole mdomoni, natamani ningepiga picha.)

Sasa kusaga meno kwenyewe. Wote tumesoma kwenye Biblia, kilio na kusaga meno, kwa hiyo mtu akiambiwa na mke wake jana usiku umesaga meno anaona kama ametabiriwa moto. Na huku kwetu kila mtoto akisaga meno usiku bibi anasema ana minyoo, anapewa dawa, anaharisha, usiku anasaga tena. Dawa ya minyoo mpeni kwa ratiba yake kama wanavyoelekeza kliniki, ila msitegemee itaondoa kusaga meno. Watoto wanasaga sana, wengi wanaacha wenyewe wakikua, na yale ya utoto yakilika kidogo si msiba. Mtoto ambaye ningetaka kumuona ni yule anayekoroma sana, analala mdomo wazi, usingizini kama anakabwa, asubuhi kachoka, huyo apelekwe akaangaliwe pua na koo maana inawezekana shida iko kwenye kupumua na si kwenye meno.

Na mi mwenyewe ni msagaji. Nilijua nikiwa hosteli mwaka wa 3, mwenzangu wa kitanda cha chini alivumilia muhula mzima, siku moja asubuhi akaniambia dada nakuomba nisamehe lakini usiku unatafuna kama panya kaingia kwenye gunia la mahindi. Nilibisha! Msagaji hajisikii, ndo shida yake. Nikaenda kwenye kioo nikaangalia chonge zangu, zilikuwa zimekuwa bapa kabisa, zile ncha hamna. Mwanafunzi wa udaktari wa meno, nachungulia midomo ya watu kutwa, ya kwangu sijawahi kuichungulia.

Kwa hiyo angalieni ncha za chonge zimelika? Ulimi pembeni una alama za meno kama ukingo wa mkate uliobonyezwa na uma? Ndani ya shavu kuna mstari mweupe ulionyooka? Asubuhi mashavu yamechoka kama umetafuna miwa usiku kucha? Meno yanakufa ganzi au yanashtuka na maji baridi? Ukijibu ndio kwa mengi hapo, muulize unayelala naye, na kama unalala peke yako weka simu irekodi.

Kwa nini tunasaga? Zamani waliamini ni kwa sababu meno hayajapangika, juu na chini hayakutani sawa. Imani hiyo ilikaa miaka mingi, na bado ipo. Mwaka 1934 kuna daktari wa masikio na koo kule St. Louis Marekani, James Costen, aliandika kuhusu wagonjwa 11 wenye sikio kuuma, kizunguzungu, kichwa, akalaumu kwamba hawana meno ya nyuma ndo maana taya inapanda na kubana kiungo. Angalau aligundua kwamba sikio linaweza kuuma kumbe kosa liko kwenye taya, na hilo hata leo watu wanamwagiwa dawa za sikio wiki tatu mfululizo na sikio halina kitu. Ila sababu aliyoitoa haikusimama, na kwa bahati mbaya baada yake kikaja kizazi kizima cha madaktari wa kuchonga meno ya watu ili "yakutane vizuri."

Na mimi nilichongwa. Nimeshaanza kazi, taya inauma, mwenzangu mmoja mwenye uzoefu kunizidi akaniwekea karatasi ya rangi, akaniambia uma, akaona alama nyeusi nyeusi kwenye gego la juu, akachukua mashine akapunguza. Nikatoka naona kweli nafuu. Wiki ya pili maumivu yamerudi, na sasa lile gego linashtuka na maji, na linashtuka mpaka leo, nikinywa maji ya friji nayapeleka upande wa kushoto kama mtu anayeficha kitu. Simlaumu sana, ndivyo na yeye alivyofundishwa. Ila kilichochongwa hakirudi.

Tunachojua sasa ni kwamba kusaga usiku kunatoka juu kwenye ubongo. Usingizi unapokuwa mwepesi kidogo moyo unaongeza mapigo halafu misuli ya taya inafuata kujibana. Mwaka 2018 wataalamu wa nchi mbalimbali walikaa wakakubaliana hata wasiuite ugonjwa kwa mtu mwenye afya yake, ni tabia tu ya misuli, inakuwa tatizo pale inapoumiza au kuharibu meno. Kinachoikoleza ni mawazo, kahawa, pombe, sigara, kukosa pumzi usingizini kwa wanaokoroma, urithi pia maana kuna familia wanasaga wote, na baadhi ya dawa za sonona kama fluoksetini na setralini. Hizo za sonona msije mkaacha wenyewe kwa sababu dokta wa meno kasema, rudi kwa aliyekuandikia umwambie. Na mirungi. Naona mmeangaliana. Mi sio polisi, naongelea taya tu, mtu anatafuna shavu moja masaa sita na dawa yenyewe inamkaza misuli, akija kwangu mdomo hauingii hata vidole viwili nitasema nini.

Mawazo nayo tusiyapite haraka. Kuna mama alikuja akaniambia sina stresi yoyote dokta, nina mkopo tu na mume kaachishwa kazi na nyumba tumepewa notisi. Nikamwambia hiyo mama ndo yenyewe. Akacheka mpaka taya ikamuuma.

Matibabu sasa, mana najua wengine mnasubiria bei. Naanza na ya bure. Siku ya kwanza mgonjwa wangu simpi kitu cha kuvaa wala sindano. Namwambia wiki mbili tatu taya ipumzike kama mguu ulioteguka. Vyakula laini, wali na mchuzi, ndizi, ugali sawa, mahindi ya kuchoma acha, miwa acha, mifupa ya kuku mwachie paka, bigijii acha kabisa, barafu usitafune, kucha using'ate. Ukipiga miayo weka ngumi chini ya kidevu mdomo usifunguke mpaka mwisho. Taulo dogo la maji ya moto, lile la kuvumilika, kwenye mashavu dakika 10 hadi 15 asubuhi na jioni, unakanda taratibu kwa vidole, hiyo misuli inalegea unaisikia kabisa. Halafu ulimi juu pale kwenye "nnn," unafungua mdomo taratibu bila ulimi kuondoka, unafunga, mara sita, mara kadhaa kwa siku. Inaonekana mchezo. Fanya mwezi mmoja uniambie.

Mwaka 2023 mwishoni jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilitoa mwongozo wa jopo la kimataifa kuhusu maumivu ya taya ya muda mrefu, na vitu vilivyopewa uzito wa juu vilikuwa hivyo hivyo vya mikono na akili, mazoezi ya taya yanayosimamiwa, kukandwa zile sehemu zilizokakamaa, na kufundishwa namna ya kukabiliana na mawazo na maumivu. Upasuaji wa kutoa kile kisahani wakaukataa wazi. Na wana sababu, maana miaka ya 1980 huko Marekani watu walitolewa visahani wakawekewa vya Teflon, ile ile ya kikaango, vikasagika vipande vipande ndani ya kiungo, mwili ukapambana navyo mpaka ukala mfupa, na mamlaka yao ya dawa ikabidi mwanzoni mwa miaka ya 1990 itoe tahadhari na vikaondolewa sokoni. Watu waliingia na maumivu ya taya wakatoka hawana taya. Kwa hiyo mtu akikuambia upasuaji ndo jambo la kwanza, shika mkoba wako uondoke.

Dawa za maumivu, ibuprofeni siku chache ni sawa kama huna vidonda vya tumbo, presha isiyotulia wala figo, na umekula. Siku chache nimesema, sio kununua kila Jumatatu dukani mwaka mzima kama vocha. Wengine wenye maumivu ya muda mrefu tunawapa amitriptilini kidogo sana usiku, ila hiyo ya kuandikiwa. Botoksi ipo, ni sindano inayodhoofisha msuli miezi kama mitatu minne, hela nyingi, na lile jopo halikuipendekeza, mi siwakimbizii huko.

Halafu kuna kifaa cha kuvaa usiku, wengi mnakijua kama naiti gadi. Hiki nakieleza vizuri maana ndo kinachouzwa sana na ndo kinachoeleweka vibaya. Unakuja, tunachanganya ule unga na maji, unakuwa kama ugali mlaini wa rangi ya pinki, tunaujaza kwenye kitreya cha chuma, mdomoni, unapumua kwa pua dakika kama mbili huku machozi yanakutoka na unahisi kutapika, tunautoa umeganda na alama za meno yako yote. Tunamwaga plasta ndani, tunapata meno yako ya chokaa. Yanaenda kwa fundi wa maabara, na huyu bana ni fundi kama nyie, anakata, anapima, anasugua, anatengeneza kifuniko kigumu cha plastiki angavu, unene milimita mbili tatu hivi. Ukirudi tunakuvalisha, naweka karatasi ya rangi na safari hii nachonga plastiki, sichongi jino, mpaka meno yote yanagusa sawasawa, kama unavyomvalisha mteja suti unaweka pini unamwambia nyanyua mkono, shusha. Fitingi bila mteja kusimama mbele yako haipo, si mnajua. Ndo maana zile za kununua mtandaoni unaloweka maji ya moto unauma mwenyewe siziamini sana, laini laini zile kuna watu wanazitafuna usiku kucha kama bigijii na wanaamka wamechoka zaidi.

Na hicho kifaa hakikuzuii kusaga. Unasaga plastiki badala ya meno, basi. Kinalinda meno, na kuna wengine misuli inapata nafuu, na wengine hawapati, lile jopo la 2023 kwa upande wa maumivu hawakukishabikia hata kidogo. Mi navaa cha kwangu kwa sababu chonge zimeshaisha na nataka magego yabaki, kina mikwaruzo kama meza ya fundi seremala, kila mkwaruzo ni usiku mmoja jino langu limepona. Kinavaliwa usiku tu, ukikivaa kutwa nzima miezi na miezi meno yanaweza kuhama. Kinaoshwa kwa maji ya kawaida na mswaki, maji ya moto yanakipinda. Na usikiache mezani kwenye tishu, wawili wameshatupiwa na wasichana wa kazi.

Kuulizia bei si aibu, uliza kabla ya kukaa kwenye kiti, na uliza pia ukirudi kurekebishiwa unalipa tena au imo humo humo.

Kuna taya kuchomoka. Unapiga miayo mikubwa, au unacheka, mdomo unafunguka haufungi tena, mate yanatiririka, huwezi kuongea, watu wanasema umepagawa. Hajapagawa mtu, mfupa umeteleza mbele umevuka kizingiti na misuli imeubana huko. Msimpige makofi ya mashavu, msimfunge kitambaa kwa nguvu, mpelekeni hospitali. Tunavaa glavu, tunazungushia gozi, kile kitambaa cha kufungia vidonda, kwenye vidole gumba visije vikaumwa, vidole gumba vinakaa kwenye magego ya chini, tunakandamiza chini halafu nyuma, inarudi. Wamisri wa kale walishaandika jambo hilo hilo kwenye mafunjo yenye umri wa miaka zaidi ya 3,500, vidole gumba ndani ya mdomo, sukuma. Kuna mambo kwenye kazi yetu hayajabadilika kabisa.

Na kufunga kwa mdomo kwingine kusiwachanganye, hasa nyie wa sindano. Fundi kachomwa na sindano yenye kutu au kakanyaga msumari, siku kadhaa baadaye taya inakaza, shingo inakaza, kumeza shida, hiyo si ya kukanda na taulo, inaweza kuwa pepopunda, kimbieni hospitali siku hiyo hiyo. Na mtu mzima ambaye taya inauma akipanda ngazi au kubeba mzigo, na akipumzika inatulia, na kifua kizito, jasho, huyo anaweza kuwa ni moyo, asije kwangu, aende mapokezi ya dharura. Shavu limevimba lina joto na homa, jino la mwisho linauma na mdomo haufunguki, hiyo ni usaha, nayo haisubiri. Na aliyevuka miaka 50 mwenye kichwa kipya cha kwenye panja, kuchana nywele kunauma, taya inachoka akitafuna, na macho yanaanza kuona ukungu, asilale na hilo hata usiku mmoja.

Nimeongea sana, chai imepoa. Nimekuja na uzi mwekundu, uko hapo mezani kwenye sahani, nimeununua kwenu wenyewe hapo nje. Kila mtu akate kipande afunge kwenye mashine yake, pale karibu na gurudumu la mkono jicho linapopita. Kila ukiuona, midomo imefungwa, meno yameachana, mabega chini, vuta pumzi, endelea kushona. Siku ya kwanza utajikuta umebana mara hamsini, usijilaumu. Yule dada wa magego mawili, naye nilimwambia afunge uzi kama huu, alinitumia ujumbe baada ya wiki tano hivi, akaandika "dokta uzi umeshachakaa nimebadilisha wa pili", na lile gego la tatu alilotaka nimtolee bado analitafunia.

Maswali yalikuwa mengi, mengine nimeshayachanganya humo juu. La mwisho aliuliza mzee mmoja, nadhani ndo fundi mkubwa kuliko wote pale, alisimama na kipande chake cha uzi mwekundu mkononi, akauangalia, akauliza, "Sasa mwanangu, huu nitaukata na nini?" Kabla sijajibu alikuwa ameshaukata kwa meno.